Pazia la Magunia

Singida Mjini,
Jumapili, baada ya kutoka kanisani.

Dada yangu Nuru,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, ingawa nakujua, utakuwa umesimama jikoni unaisoma huku unakoroga chungu. Habari za huko milimani? Ukungu umeshaanza kushuka? Goti la Mama linaendeleaje, na mwanao meno yametoka au bado anawanyima usingizi? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Upepo wa Singida ni ule ule niliokusimulia, unafunga milango bila kuombwa, na ukifua asubuhi nguo ya kwanza inakauka kabla hujaanika ya mwisho.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ninayo. Simu ya Mama inashikwa na kila mtu, na ujumbe wangu uliopita shangazi alinirudishia neno kwa neno, hata pale nilipoandika kwamba namkumbuka mume wangu akienda sokoni. Halafu kuna jambo ambalo siwezi kulisema kwa sauti. Nimejaribu kukupigia, ukapokea, nikaishia kukuuliza bei ya viazi. Basi nimeitia barua kwenye mfuko pamoja na dumu la mafuta ya alizeti, utalikuta kwa wakala wa basi pale Mombo. Mama akitaka umsomee, msomee mpaka nitakapokwambia uache.

Kwanza nikuambie habari za mume wangu. Mume wangu. Bado naliandika neno hilo polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Unakumbuka alivyokuja kwenye semina huko Lushoto, akaingia kwenye lile duka la kuchapa na kutoa kopi nilikokuwa nafanya kazi? Alileta ukurasa mmoja. Akarudi na wa pili. Akarudi na wa tatu. Nikamwambia, "Kaka, si ungezileta zote kwa pamoja?" Akanijibu, "Zikiisha zote nitarudi na nini?" Dada, mtu huyo mpaka leo yuko vile vile. Asubuhi ananichemshia chai ya tangawizi, na wapangaji wenzetu wanamcheka dirishani, "Elia, mke umemuoa au umemwajiri?" Yeye anawajibu, "Nimeajiriwa mimi, na mshahara sijaona." Naona haya, lakini chai nainywa yote.

Kazi yake sasa ni ile tasnifu ya shahada ya uzamili. Ni ya usimamizi wa rasilimali watu kimataifa. Usiogope jina. Kwa jinsi nilivyoelewa mimi wa kidato cha nne, anachunguza kampuni ya nchi moja inavyowaajiri na kuwaongoza watu wa nchi nyingine, aone kama taratibu za kule zinafika huku zikiwa nzima au zinavunjika njiani. Anafanyia utafiti kwenye kiwanda cha kukamua alizeti nje kidogo ya mji. Wenye kiwanda wametoka Denmaki, na meneja ni kijana mrefu, Bwana Jensi, mwenye Kiswahili cha kujifunza na masikio yanayogeuka mekundu akiongea na watu wengi.

Huyo Bwana Jensi alikuja na utaratibu wa kwao. Aliondoa chumba cha kulia cha wakubwa, akaagiza itengenezwe meza moja ndefu ya mbao, na benchi pande zote mbili. Meneja, fundi, mpakizi wa magunia, mama wa kuchambua mbegu, wote wanakula hapo saa ya mchana, kila mtu anaosha sahani yake. "Hapa hakuna mkubwa," ndivyo anavyosema. Elia wangu aliipenda sana meza ile. Tasnifu yake yote aliijenga juu yake, kwamba meza moja inaleta kuaminiana kati ya wageni na wenyeji. Yeye anaandika kwa mkono, mimi nachapa. Akifika kwenye sentensi nzuri ananisomea mara mbili, na mimi hata nisipoielewa naitikia, maana sauti yake ikisoma ni kama mvua juu ya bati la nyumbani.

Akaniomba nimsaidie. Wanawake walikuwa hawamfungukii, wakimuona na karatasi wanasema kila kitu ni kizuri. Kwa hiyo nikawa naenda naye kiwandani, nakaa na akina mama, nakula nao, naangalia nani anakaa wapi na wanaongea nini. Nilijiona mtu mkubwa, Dada. Nilivaa sketi yangu ya kwenda kanisani.

Sasa hapa uache kumsomea Mama. Kunja karatasi, mwambie yaliyobaki ni mambo ya walioolewa.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Mwajuma, mtu wa Sepuka. Kazi yake kutoa mawe na makapi kwenye mbegu. Ndiye aliyenipokea kabla ya wengine. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni akasema, "Bibi harusi, macho mekundu hayo ni ya vumbi au mume hajui saa ya kulala?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika ungo. Kuanzia hapo nikawa mtoto wake. Mezani ananiwekea mlenda kabla sijaomba.

Halafu akaacha kuja mezani. Saa ya kula ikifika anachukua sahani, anakwenda nyuma ya rundo la magunia, anakaa ameelekea ukutani. Nikamuuliza, "Mama, mbona huji mezani?" Akasema, "Nimeshiba upepo." Nikamuuliza siku nyingine, akasema, "Benchi linaniumiza mgongo." Nikampelekea Elia habari hizo, naye akasononeka. Watu wote wanakaa meza moja isipokuwa mtu mmoja, na hajui aandike nini juu ya mtu huyo. Alikunja uso namna ambayo mimi mkewe siwezi kuivumilia.

Basi siku moja nikaamua kumpa Elia zawadi. Nilitaka meza ya mume wangu ijae. Elia alikuwa mwisho wa benchi ameinamia karatasi zake. Nikaenda nyuma ya magunia, nikamshika Mama Mwajuma mkono, nikamwambia, "Leo hukatai, mama, leo unakula na mimi." Akasema, "Niache, mwanangu. Niache." Alikuwa kama anacheka, nikadhani ni utani wetu. Nikavuta. Unajua mikono yangu, imebeba kabichi za Lushoto tangu utoto. Nikamfikisha mezani, nikambonyeza mabega, akakaa pale palipokuwa wazi.

Mbele yake alikuwa amekaa Shabani, kijana mpya wa kupakia magunia, tonge liko mdomoni.

Dada, yule kijana alinyanyuka kwa nguvu mpaka benchi likapinduka na waliokalia. Mlenda ukamwagika mezani. Akatoka kinyumenyume, uso ameugeuzia ukutani, akipapasa mlango kwa mkono. Mama Mwajuma akavuta kanga kutoka mabegani akajifunika kichwa chote mpaka kidevuni, akabaki pale pale ameduwaa, hasogei. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa jikoni akaniuliza taratibu, "Umefanya nini, we binti? Huyo si mkwewe?"

Shabani ndiye aliyemuoa Mwajuma.

Bwana Jensi alikuwa amesimama na sahani yake, anatabasamu, anadhani tunacheza. Akauliza, "Kuna nini? Chakula kibaya?" Mama Mwajuma akaondoka na kanga yake kichwani, akiongozwa kama mgonjwa, na sahani yake ikabaki nyuma ya magunia vile alivyoiacha.

Ningekuwa sijui desturi hiyo ningejisamehe. Lakini mimi na wewe, Dada, tumezaliwa ndani yake. Unaikumbuka siku Mama alipokutana na mumeo, Shemeji Yona, kwenye njia ya mtoni, amejitwika mkungu wa ndizi? Alizitupa ndizi, akaingia kwenye mahindi yaliyolowa umande, akachuchumaa humo mpaka Shemeji alipopita, na Shemeji naye alipita ameangalia ukingo wa shamba kama anatafuta kitu kilichopotea. Sisi tulikuwa tunaokota ndizi tukicheka. Mama alipotoka na majani kichwani alitwambia, "Chekeni. Siku yenu ipo." Siku yangu ilikuwa ile, na aliyelowa umande si mimi.

Sijui nilidhani nini. Labda kwa kuwa kulikuwa na mashine na vitambulisho, na meneja mzungu anayeosha sahani, nilidhani pale mtu hana mkwe wala mzazi. Elia naye ni mtu wa Misigiri, Mnyiramba kamili, mama yangu mkwe mpaka leo hajawahi kula mbele ya waume wa wifi zangu. Naye hakufikiri. Tulirudi nyumbani, akapika yeye, hatukula.

Kesho yake Mama Mwajuma hakuja kazini, alirudi kwao Sepuka ili mkwewe abaki na kazi. Na Shabani hakuja, alikaa nyumbani ili mama mkwe wake abaki na kazi. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na kazi zote mbili zikabaki bila mtu. Karani wa zamu akamwambia Elia kwamba wasipoonekana, nafasi zao zitapewa wengine.

Sasa sikia lile linaloniumiza zaidi. Elia alimpigia msimamizi wake wa chuo kumweleza. Mimi nilikuwa karibu, nasikia sauti kwenye simu. Msimamizi akasema, "Kijana, hiyo ndiyo tasnifu yako. Hiyo ni lulu. Andika kila kitu, nani alikaa wapi, nani alisema nini." Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anairudisha sura ya nne akisema haina uhai. Elia akakata simu, akanishika kiuno, akanizungusha chumbani kama siku ya harusi yetu. "Mke wangu, umeniokoa," akasema. Na mimi, Dada, nilicheka. Nilifurahi kwa moyo wote. Nikakaa, nikachapa kurasa zote za siku ile, kanga kichwani, tonge mdomoni, mlenda mezani, na zilikuwa kurasa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Nilipofika penye "niache, mwanangu" vidole vikagoma. Mtu aliniomba nimwache, nikamvuta mbele ya watu arobaini, na sasa nilikuwa namshika tena.

Nikamwambia Elia, "Twende Sepuka." Akasema, "Tukaseme nini?" Nikasema, "Sijui. Lakini hatuendi mikono mitupu." Nikachukua ile doti ya kanga aliyoninunulia wiki ya harusi, ambayo nilikuwa sijaikata. Aliiona nikiikunja, akaenda kuvaa viatu.

Tulimkuta Mama Mwajuma anapepeta uwele uani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamwonyesha Elia kigoda cha mbali. Mimi akaniambia, "Wewe mwenye mikono mirefu, kaa hapa karibu nikuone."

Nikakaa chini. Akaendelea kupepeta.

"Kwenu milimani hamna wakwe?"

"Tunao, mama."

"Mnakula nao?"

"Hatuli nao."

"Sasa?"

Akapepeta tena, makapi yakanirukia usoni. Mwisho nikasema, "Nilidhani kiwandani ni tofauti, mama. Nilidhani mambo ya nyumbani yanabaki getini."

"Getini wanapekua vikapu, mwanangu," akasema. "Ukwe haupekuliwi."

Nikalia. Sikulia vizuri, Dada, nililia kwa kamasi. Nikaweka kanga kwenye mapaja yake, nikamwomba msamaha kwa jina la Mama yangu, maana la kwangu niliona halitoshi. Hakuifungua kanga. Akamgeukia Elia.

"Na wewe, baba. Nasikia unaandika kitabu."

Elia wangu hajui kudanganya, ndiyo maana nilimpenda. Akasema, "Ndiyo, mama. Na mwalimu wangu anataka niandike yale yaliyotokea mezani. Jina lako sitaliweka."

"Jina langu la nini? Nani kiwandani kile asiyejua ni mimi?" Akaweka ungo chini. "Andika kwamba watu wa huku hawali na wakwe zao. Hilo si siri, hata mbuzi wanajua. Lakini ile siku si ya kitabu. Ile siku ni yangu."

Niliogopa kumwangalia mume wangu. Nilijua anachoombwa. Sura ya nne ikirudi ilivyokuwa, hatamaliza mwaka huu, na joho la mahafali ameshaniambia nitamvalisha mimi. Alikaa ameshika magoti. Kisha akasema, "Sawa, mama. Ni yako."

Tuliporudi nilizifuta kurasa zile mwenyewe. Nilizichapa mimi, nikazifuta mimi, yeye amesimama nyuma yangu ameniwekea mkono begani. Msimamizi amekasirika, amesema sura imekufa tena, na Elia itabidi arudi chuoni muhula mwingine. Hajanilaumu hata kwa jicho. Ananichemshia chai vile vile, na mimi chai ile sasa inanichoma, maana najua nimemgharimu nini.

Kesho yake Elia alikwenda kumweleza Bwana Jensi. Alieleza desturi tu, hakueleza kilio cha mtu. Anasema masikio ya Bwana Jensi yaligeuka mekundu mpaka shingoni. "Nilitaka wasiniogope," akasema. "Sikujua wana kitu kingine cha kuheshimu." Akataka kuivunja meza siku ile ile. Elia akamwambia meza haina kosa, aweke pazia. Akamwomba pia nafasi zile zisipewe watu wengine, na Bwana Jensi akakubali.

Nilimwomba Elia kazi ya pazia aniachie mimi. Nilikusanya magunia matupu ya alizeti, nikayafua, nikayashona kwa sindano ya magunia mpaka vidole vikavimba. Pazia limeikata ile meza katikati. Upande huu wakwe wa kiume, upande ule wakwe wa kike, na asiye na mkwe kiwandani anakaa anapotaka. Bwana Jensi siku nyingine anakula huku, siku nyingine kule. Shabani alirudi kwanza. Mama Mwajuma alikuja baadaye, na aliporudi alikuwa amejifunga kanga yangu.

Siku hiyo sikuthubutu kukaa mezani. Nilisimama mlangoni na karatasi ya Elia mkononi, nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Akina mama wakanipita, wengine wakanisalimia, wengine hawakunisalimia. Mama Mwajuma akaja moja kwa moja, akanishika mkono. Alinishika pale pale nilipomshika mimi.

"Leo navuta mimi," akasema.

Akanipeleka nyuma ya pazia, akanibonyeza mabega nikakaa. Akanisogezea ugali na mlenda. Nikawa nimeshika ile karatasi bado, sijui niiweke wapi. Akaichukua, akaikunja, akaikalia.

"Kula, mwanangu," akasema. "Upande huu hatuandikwi."

Nikala. Yaliyosemwa upande ule wa pazia siwezi kukueleza hata wewe, ila wanamcheka sana Bwana Jensi anavyoshika tonge. Jioni Elia akaniuliza, kwa upole wake, wanawake walisema nini. Nikamwambia, "Mlenda ulikuwa mzuri." Akachukua kalamu. "Niandike hivyo?" Nikamwambia, "Usiandike." Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Sepuka.

Aibu haijaisha, Dada. Nikiwa nafagia inanijia ghafla, "niache, mwanangu," nasimama na ufagio mkononi. Nilikuwa na furaha nyingi mno, nikadhani furaha yangu ni ruhusa ya kumshika mtu yeyote. Niombee.

Nisalimie Baba, mwambie shikamoo zake nimezituma zote. Msalimie shangazi, na umwambie namkumbuka mume wangu hata asipokwenda sokoni. Wasalimie wadogo zetu wa shuleni, na mama mchungaji aliyenifunda, mwambie kuna somo moja alilisahau, nimelisomea huku. Shemeji Yona msalimie kwa heshima zote. Elia anakusalimia, anasema viazi vyenu bado anavidai.

Na Mama. Nimefikiri tena. Fungua karatasi uliyoikunja umsomee yote, hata pale pa kamasi. Atacheka kwanza, halafu atanyamaza. Huo ukimya wake nauhitaji, utanifika hata huku. Ila kabla hujaanza kumsomea, hakikisha Shemeji Yona yuko nje.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Hilda, mke wa Elia.